Kuitafuta Gungu: Taaluma za Afrika katika Intaneti ya Awali, Kutokea Ufuko wa Tanganyika



Nimeombwa nizungumzie historia ya zana za utafiti katika taaluma za Kiswahili. Mada hii ni pana, nami si mhandisi wa kompyuta. Kwa hiyo nimeona ni heri niifinye mpaka itoshe kiganjani. Nitauliza swali moja tu: mtu aliyetokea Gungu, tangu miaka ya katikati ya 1990 hadi miaka ya mwanzo ya 2000, aliweza kupata nini kwa njia ya intaneti juu ya Afrika, juu ya Kiswahili, na juu ya Gungu yenyewe? Nimeichagua Gungu kwa sababu ndiko nilikozaliwa, na kwa sababu ni mahali ambapo hakuna aliyepata kupawekea maktaba ya utafiti. Mtafutaji wa Gungu hana njia ya mkato.

Kwa wale wasiopajua, Gungu ni kata ya Manispaa ya Kigoma/Ujiji. Iko baina ya mji wa Kigoma, wenye bandari na kituo cha mwisho cha Reli ya Kati iliyofika huko mwaka 1914, na mji mkongwe wa Ujiji, ambako Stanley alimkuta Livingstone mwaka 1871. Mgeni hutoka stesheni, hupita Gungu ndani ya gari, hushuka Ujiji kutazama mnara, kisha hurudi. Wenyeji wake ni Waha, Wamanyema ambao mababu zao walivuka kutoka Kongo, na watu wa kila kabila lililowahi kufuata reli au ziwa. Lugha inayowaunganisha ni Kiswahili, na Kiswahili hicho si kile tunachokisoma katika Kamusi ya Kiswahili Sanifu. Hilo ndilo lililonifanya niwe mwanaisimu, na ndilo lililonipeleka mbele ya kompyuta.

Turudi nyuma kidogo. Kabla ya mwaka 1995 barua pepe katika vyuo vyetu ilikuwa ni jambo la simu. Ujumbe uliandikwa, ukawekwa akiba ndani ya mashine, na saa maalumu modemu ikapiga simu nje ya nchi na kuupeleka ujumbe huo pamoja na mwingine mingi kwa mkupuo. Majibu yalikuja kwa njia hiyo hiyo, kesho au keshokutwa. Hapakuwa na picha wala kurasa za kufungua. Jina la kikoa la nchi yetu, lile la herufi mbili tz, lilisajiliwa mwaka 1995, na huduma ya intaneti kamili ikaanza kuuzwa Dar es Salaam baada ya hapo. Kebo ya baharini ya kwanza kutuunganisha moja kwa moja, SEACOM, ilifika mwaka 2009. Kwa hiyo katika kipindi ninachokizungumzia kila neno lililotoka Tanzania kwenda nje lilipitia angani kwa setilaiti, kwa gharama ambayo leo mwanafunzi hawezi kuisadiki.

Hata hivyo, barua pepe hiyo ya kusubiri ndiyo iliyotuingiza katika makundi ya majadiliano. Mtu alijiandikisha kwa ujumbe wa mstari mmoja, na tangu siku hiyo akawa anapokea kila kilichoandikwa na wenzake. Lilikuwapo kundi la Swahili-L, lililohifadhiwa katika Chuo Kikuu cha Wisconsin. Mwaka 1995 likaja H-Africa, chini ya mtandao wa wanahistoria uitwao H-Net. Watanzania walioko ng'ambo walikuwa na lao, Tanzanet, lenye habari za nyumbani, ubishi wa siasa na matangazo ya misiba. Mtu aliyekuwa hajapata kuona jarida jipya kwa miaka mitatu, kwa kuwa fedha za kigeni za kulipia majarida zilikuwa zimekauka tangu miaka ya 1980, ghafla alisoma hoja za wanazuoni ambao alikuwa anawajua kwa majina ya kwenye majalada tu. Aliweza kumwuliza mwandishi swali, na mwandishi akajibu. Sidhani kama kuna jambo lolote katika maisha yangu ya kitaaluma lililonifurahisha kama jibu la kwanza la aina hiyo.

Lakini inafaa tuseme kweli juu ya lugha ya mijadala ile. Katika kundi lililoitwa kwa jina la Kiswahili, maswali mengi yaliulizwa kwa Kiingereza, mengi yakiwa ya wanafunzi wa Marekani na Ulaya waliotaka kujua ngeli au maana ya methali. Mswahili alikuwa shahidi: akiitwa, aeleze kama neno fulani linasemwa au halisemwi, kisha wengine waendelee na nadharia. Silaumu mtu. Aliyelipa gharama ya mashine ndiye aliyekuwa na nafasi ya kuzungumza kirefu. Sisi tulijibu kwa ufupi, kwa sababu saa ya simu ilikuwa ikihesabiwa.

Baada ya makundi zikaja orodha. Leo mtu huandika neno na mtambo humletea kurasa maelfu. Wakati ule mitambo ya kutafuta ilikuwa michanga, na aliyetaka nyenzo za Afrika alitegemea kazi ya mikono ya wakutubi. Katika Chuo Kikuu cha Stanford mkutubi Karen Fung alikusanya na kupanga viungo vya tovuti zihusuzo Afrika kusini mwa Sahara, nchi kwa nchi na mada kwa mada. Kituo cha Taaluma za Afrika cha Chuo Kikuu cha Pennsylvania nacho kilikuwa na kurasa zake, zenye taarifa za kila nchi na matini zilizochapwa upya. Mtu alianzia kwenye mojawapo ya milango hii miwili, akachagua Tanzania, na akapewa ukurasa mmoja mfupi. Kati ya viungo vyake vingi vilikuwa vya watalii waliopanda Kilimanjaro.

Kwa Kiswahili chenyewe hali ilikuwa nzuri zaidi. Mwaka 1994 Martin Benjamin alianzisha katika Chuo Kikuu cha Yale mradi wa kamusi ya Kiswahili na Kiingereza ya mtandaoni, ambayo mtumiaji yeyote aliweza kupendekeza maneno. Mwaka huo huo, huko Köln, ulitoka mkusanyo wa kwanza wa Swahili Forum, ambao baadaye ulihamia mtandaoni na kusomwa bure. Huko Helsinki, Arvi Hurskainen alikuwa ameanza tangu miaka ya 1980 kuifundisha kompyuta kuchanganua vitenzi vyetu, na kutokana na kazi hiyo ikapatikana kongoo kubwa ya matini za Kiswahili, nyingi zikiwa za magazeti na vitabu. Wasikilizaji wameona mpangilio wa majina: Yale, Köln, Helsinki. Taasisi yetu ya Uchunguzi wa Kiswahili, iliyochipuka katika Kamati ya Lugha ya mwaka 1930, ilikuwa na hazina kubwa kuliko zote hizo, lakini hazina hiyo ilikuwa katika karatasi, ndani ya makabati ya Dar es Salaam.

Sasa niwachukue Kigoma. Nilikwenda likizo nyumbani mwaka 2001, nikakuta kwamba mjini pamefunguliwa chumba cha intaneti. Umeme ulikuwa wa majenereta ya dizeli, nao ulikuwa na tabia zake. Kulikuwa na kompyuta tano, mbili zikiwa zima. Kijana aliyezisimamia alinikaribisha, “Shikamoo mzee, leo laini ina afya,” akanipa kiti. Nililipia saa nzima. Ukurasa mmoja ulichukua muda wa kutosha mtu kwenda kununua vitumbua na kurudi. Nikaandika katika mtambo wa kutafuta neno moja: Gungu.

Nililetewa ngoma. Gungu, kama wasomaji wa fasihi ya kale wanavyojua, ni ngoma ya waungwana wa pwani, iliyochezwa usiku katika harusi na karamu, na nyimbo zake zinahusishwa na Fumo Liyongo. Edward Steere aliieleza katika mkusanyo wake wa hadithi wa mwaka 1870. Gungu la kufunda, gungu la kukwaa, hayo yalikuwapo. Gungu yenye mtaro wa maji mbele ya nyumba ya mama yangu haikuwapo. Nilijaribu Ujiji, nikamletewa Livingstone. Nilijaribu Kigoma, nikaletewa sokwe wa Gombe na samaki wa mapambo, kwa kuwa wafugaji wa samaki wa vioo huko Ulaya wanayajua majina ya ghuba zetu kuliko wanajiografia.

Hata hivyo, saa ile haikupotea. Katika orodha za maktaba zilizokuwa zimeanza kufunguliwa mtandaoni nilipata kujua kwamba mwaka 1973 Beverly Brown aliandika tasnifu ya udaktari katika Chuo Kikuu cha Boston juu ya historia ya mji wa Ujiji tangu mwanzo wa karne ya 19 hadi 1914. Nilikuwa nimeishi kilomita chache kutoka Ujiji, nimesoma hadi shahada ya tatu, na sikuwa nimepata kusikia habari za kazi hiyo. Orodha ilinionyesha jina na mwaka. Matini yenyewe ilikuwa inauzwa kwa dola. Ndivyo intaneti ya awali ilivyokuwa kwetu: ilituambia kwa usahihi mkubwa ni nini tusichonacho.

Jambo la pili nililolipata siku chache baadaye ndilo lililonisukuma kuandika mhadhara huu. Asubuhi za kiangazi, ukisimama juu ya vilima vya Kigoma, unaiona milima ya Kongo ng'ambo ya ziwa. Upana wa Tanganyika kwa wastani ni kama kilomita 50. Kiswahili kilivuka maji hayo katika karne ya 19 pamoja na misafara ya watu kama Tippu Tip, ambaye alituachia tawasifu yake kwa Kiswahili, kikaenea Manyema na baadaye Katanga, kikabadilika huko, kisha kikarudi kwetu vinywani mwa Wamanyema waliohamia Ujiji na Gungu. Mwanaisimu anayetaka kukieleza Kiswahili cha Kigoma hana budi kukijua Kiswahili cha ng'ambo. Mimi nilikuwa nakijua kwa masikio tu. Matini sikuwa nayo.

Nilizipata Amsterdam. Johannes Fabian na mwenzake Vincent de Rooij walikuwa wameanza, mwishoni mwa miaka ya 1990, kuweka mtandaoni hifadhi ya matini za Kiswahili cha watu wa kawaida wa Kongo, pamoja na tafsiri na maelezo. Humo ilikuwamo ile historia ya mji wa Elisabethville, yaani Lubumbashi ya leo, iliyotungwa mwaka 1965 na André Yav kwa niaba ya watumishi wa majumbani, ambayo Fabian alikuwa ameichapisha kitabuni mwaka 1990. Ni historia iliyoandikwa na watu waliopika na kufua nguo katika nyumba za Wabelgiji, kwa Kiswahili ambacho hakuna kamati iliyokisanifisha, chenye bantu mahali pa watu. Niliisoma ikifunguka mstari kwa mstari katika chumba kile cha Kigoma. Nilikuwa nimekaa na ziwa mgongoni mwangu, na maneno ya ng'ambo ya ziwa yalikuwa yananijia kupitia Uholanzi na setilaiti.

Nilijivunia ugunduzi huo kwa muda wa siku mbili. Siku ya tatu nilikwenda Kasulu kumzika jamaa, na njiani tulimpa lifti mwalimu mmoja mkimbizi aliyekuwa anarudi Nyarugusu. Kambi ile ilifunguliwa mwaka 1996, vita vya Zaire vilipowasukuma watu kuvuka ziwa, na hadi leo ina makumi ya maelfu ya Wakongo. Mwalimu yule alizungumza nasi njia nzima. Kila sifa ya kisarufi niliyokuwa nimeiandika katika daftari langu kutoka Amsterdam ilikuwa inatoka kinywani mwake, na nyingine ambazo sikuwa nimeziona. Kwa miaka mitano maelfu ya wasemaji wa Kiswahili cha Kongo walikuwa wakiishi katika mkoa wangu, nami niliwasaka Ulaya. Sijui niliseme vipi jambo hili bila kujiaibisha, kwa hiyo nalisema lilivyo. Intaneti ilikuwa imenizoeza kuamini kwamba nyenzo ni kitu kilicho mbali, kinachofunguka polepole.

Wapo watakaosema kwamba matini ya André Yav na mazungumzo ya garini si kitu kimoja. Ni kweli. Matini imeandikwa, ina mwaka, inaweza kunukuliwa na kubishaniwa. Hoja yangu si kwamba Amsterdam walikosea. Wao walifanya kazi iliyotupasa tuifanye sisi, na waliitoa bure. Hoja yangu ni kwamba nyenzo za Afrika katika intaneti ya awali zilifuata ramani ya mahali walipokuwa watunzaji. Waliposimama wasemaji halikuwa jambo la kuzingatiwa. Mtafiti aliyeifuata ramani hiyo bila kutazama pembeni aliupita ufuko wake mwenyewe.

Kuna chanzo kimoja kilichoivunja ramani hiyo, na cha ajabu ni kwamba hakikuwa cha wanaisimu. Mwaka 1992 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, kwa fedha za Finland, lilianza mradi mkubwa wa kuchunguza uvuvi wa Ziwa Tanganyika, wenye kituo Kigoma. Mwaka 1995 ukaja mradi mwingine, wa bioanuwai ya ziwa, uliodumu hadi 2000. Miradi hii iliweka ripoti zake mtandaoni mapema. Ni ripoti za tani, joto la maji na nyavu. Hakuna orodha ya nyenzo za Kiswahili niliyoiona iliyozitaja. Lakini wataalamu wale walihitaji kuandika wavuvi wanaita nini kila kitu, na wakaandika. Humo nilimkuta kuhe, mgebuka na sangala kwa majina yao ya ufukoni, na lusenga, ule wavu wa kuchotea dagaa usiku kwa mwanga wa taa. Marehemu baba yangu alivua kwa lusenga. Neno hilo nililikuta katika jedwali la takwimu, mbele ya jina la Kilatini la samaki, na sikulikuta katika kamusi yoyote ya Kiswahili niliyokuwa nayo mezani. Mtaalamu wa samaki kutoka Finland alikuwa amelitunza pasipo kujua kwamba analitunza.

Tangu hapo nimewashauri wanafunzi wangu wasome ripoti za maji, za barabara na za malaria kabla ya kusoma orodha za wakutubi. Wengi hudhani ninafanya mzaha.

Kuhusu Gungu, jibu lilikuja kwa kuchelewa. Vitabu vya wasafiri wa karne ya 19 vilipoanza kupigwa picha na kuwekwa mtandaoni kwa wingi, baada ya mwaka 2004, na mashine zikaweza kusoma maandishi yaliyomo, niliandika neno lile lile na mara hii sikupata ngoma peke yake. Nilimpata Richard Burton. Yeye na Speke walifika Ujiji Februari 1858, na katika kitabu chake cha mwaka 1860 anaitaja Gungu na mkuu wake, Lurinda, aliyekuwa hasimu wa Kannena, mkuu wa Kawele alikopanga Burton. Kitabu hicho kilikuwa kimekaa maktabani kwa miaka mia moja na arobaini na zaidi, nami nilikuwa nimekishika mkononi nikiwa mwanafunzi. Sikupata kukutana na ukurasa ule kwa sababu fahirisi za vitabu hutungwa na watu, na hakuna mtunzi wa fahirisi aliyewahi kudhani kwamba atatokea mtu wa kuitafuta Gungu. Mashine haikuwa na dharau hiyo. Hapa ndipo ninapoisifu kwa moyo mweupe.

Nilichapa ukurasa huo nikaupeleka nyumbani. Mzee mmoja wa mtaani kwetu, ambaye kwa ukoo ni babu yangu, alinitaka nimfasirie. Nikamfasiria. Burton ana maneno makali juu ya watu wa ufuko ule, na sikuyapunguza. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, akauliza, “Na huyo Lurinda, yeye alisemaje?” Nilimwambia kwamba kitabu hakisemi, kila kilichomo ni cha Burton. Akanirudishia karatasi. “Basi bado hujaipata, mjukuu wangu. Endelea kutafuta.”

Sina budi kumalizia na deni langu mwenyewe. Nyingi za kurasa nilizozitaja leo zimefungwa, zimehamishwa au zimebaki picha tu katika hifadhi ya Internet Archive, iliyoanzishwa mwaka 1996. Nyingine nilizichapa katika karatasi za printa ya nukta, na wino wake umepauka. Lakini kati ya 1994 na 1999, katika likizo zangu, nilirekodi pia wazee wa Gungu, Kibirizi na Ujiji wakisimulia uvuvi, reli, vita na kuvuka ziwa. Ni kaseti 22. Nilikuwa ninangoja vifaa vya kuzihamishia katika kompyuta, kisha nikangoja mradi, kisha nikangoja kustaafu. Karibu wasimulizi wote wamekwisha kufariki, akiwamo yule mzee. Mwezi uliopita niliomba kinasa sauti katika idara yetu nikazisikiliza zote. Kaseti 13 bado zinatoa sauti. Katika ile ya 8, upande wa pili, kuna mwanamke anayeeleza namna ya kushona lusenga, na nyuma yake anasikika mtoto akiitwa aje kula. Nimezileta leo, zimo katika mfuko huu, na baada ya mhadhara nitamkabidhi Mkutubi.